Nusu Mbuzi kwa Jaji wa Vitabu

Tulimwacha Belyse Ninahazwe katika chumba cha mashuka cha nyumba ya wazee huko Smithfield, simu mkononi, macho yamemtoka pima. Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, shauri yako. Ila sina roho mbaya, nitakueleza.

Kwenye simu kulikuwa na picha. Watu tisa wamevaa kitenge cha sare, cha manjano chenye feni za bluu, wamejibana sebuleni kwa watu. Katikati yao alisimama mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, mabegani amefungwa kitenge kilekile, mikononi amebeba sinia la foili. Juu ya sinia alilala nusu mbuzi, amechomwa, amepambwa vitunguu.

Chini ya picha, pamoja na ramani ya nyumba, Mama Katungu wa kanisani alikuwa ameandika: "Tumefika kwa jaji. Mungu ni mwema."

Jaji mwenyewe ni Dokta Gudrun Ostermann, mmoja wa majaji watano wa Tuzo ya Kalamu ya Ng'ambo, ile ambayo serikali ya Austria humpa mtu anayeandika kwa Kijerumani huku akiishi mbali na Ulaya. Vitabu mia na kitu viliingia, vitatu vikabaki, na kimoja kati ya vitatu ni cha Belyse. Mshindi anachapishiwa kitabu, halafu anapewa nyumba mjini Graz mwaka mzima, yenye meza, taa, na mlango unaofungwa kwa ufunguo.

Belyse ana miaka thelathini na mbili. Kumi na mmoja kati ya hiyo ameogesha wazee wa watu, kisha akarudi nyumbani kulala chumba kimoja na binamu wawili na pasi ya umeme. Kuchapishwa aliona ni heshima, lakini ule mlango wa Graz ndio uliokuwa ukimwamsha alfajiri moyo unamdunda.

Sasa sikia kanuni ya tisa ya tuzo. Mshindani, au mtu wake yeyote, akimwendea jaji kabla ya uamuzi, jina lake linafutwa. Kanuni haikutaja mbuzi, mzima wala nusu, lakini Belyse alijua kusoma.

Akampigia mama yake. Simu imezimwa. Akampigia baba yake mdogo, Callixte Habonimana. Imezimwa. Akampigia Mama Katungu mwenyewe, aliyetuma picha, na huyo naye alikuwa ameshazima. Hiyo ndiyo amri ya Callixte: ujumbe anaouongoza ukiingia nyumba ya watu, simu zote zinaingia mkobani, kwa sababu anachukia kukatizwa.

"Family emergency," Belyse alimwambia msimamizi wa zamu.

"Who died?"

"Nobody yet."

Akatoka mbio na fulana yake ya kazi, kadi ya jina bado inaning'inia kifuani.

Barabara ya Cumberland siku ya Jumamosi unaijua. Belyse alikanyaga mafuta huku akijitukana, kwa sababu mwenye kosa alikuwa yeye. Jumapili iliyopita alimwambia mama yake, Mama Candide, kuhusu vile vitabu vitatu, na kwa kiherehere akamsomea na majina ya majaji. Mama Candide akampelekea habari Mama Katungu, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Mama Katungu akalisikia jina la Ostermann akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe kila Ijumaa anasafisha nyumba ya huyo mama, huko North Parramatta.

Kufikia Jumatatu kamati ilikuwa imeundwa. Kufikia Jumatano kitenge kilikuwa kimenunuliwa. Kitu pekee ambacho kamati haikufanya ni kumwambia Belyse, kwa sababu kwetu mtu anayetolewa shukrani kwa niaba yake haulizwi.

Na Kijerumani amekipata wapi, utaniuliza. Sekondari ya Fairfield. Darasa la Kifaransa lilikuwa limejaa Warundi na Wakongo waliokuja kuchuma maksi za bure, Belyse akasukumwa kwa mwalimu wa Kijerumani aliyekuwa na wanafunzi wanne. Baadaye kazini akakutana na wazee Wajerumani ambao, akili ikianza kuchoka, Kiingereza ndicho kinachotangulia kuondoka. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kuwauliza kama wanataka chai au wanamtaka mama yao. Akaanza kuandika kwa lugha hiyo kwa sababu hapakuwa na mtu kanisani awezaye kusimama nyuma ya bega lake akasoma.

Lakini turudi garini. Belyse alikuwa na tumaini moja, nalo lilitokana na tabia za baba yake mdogo.

Callixte ni msemaji wa Warundi wote wa upande wa magharibi wa Sydney. Iwe posa, msiba au ugomvi wa nani kamzibia nani gari, anaitwa yeye. Na msemaji mwenye heshima zake haanzi na jambo. Wageni hufika, hunywa, hali huulizwa, mvua husifiwa, barabara husifiwa, na neno lililowaleta hutolewa mwisho kabisa. Siku ya posa ya msichana mmoja, Nella, Callixte alizunguka saa moja na dakika ishirini kabla ya kulitaja jina la Nella, na baba wa Nella alikuwa ameshasinzia.

Jaji hakuwajua washindani kwa majina, aliwajua kwa namba tu. Kitabu cha Belyse kilikuwa namba kumi na nne. Maadamu Callixte hajafika kwenye neno, mbuzi alikuwa mbuzi tu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Belyse alimwomba Mungu hotuba ya baba yake mdogo iwe ndefu.

Alifika saa kumi kasoro robo. Kabla hajagonga, mlango ukafunguka.

"Wewe nawe ni wa kanisa la Katungu," Dokta Ostermann alisema kwa Kiingereza, kitenge mabegani, uso umechangamka. "Ingia, ingia. Sijawahi kuona ukarimu wa namna hii. Yote haya kwa sababu ya barua moja."

Belyse hakujua barua gani, lakini alijua bahati anapoiona. "Yes," alijibu. "The letter."

Barua yenyewe ilikuwa hivi. Mwezi uliopita Mama Katungu alikuwa akitafuta nyumba ya kupanga, na Dokta alimwandikia wakala maneno mazuri ya kumsifu. Basi alipofungua mlango akakuta watu tisa na nusu mbuzi, alijipa sababu mwenyewe. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, kwa kuwa neno lilikuwa halijafika.

Sebuleni, Callixte alikuwa amesimama na fimbo yake. Pembeni yake alisimama Fiacre, shemasi, aliyepewa kazi ya kutafsiri kwa Kiingereza.

"...na hiyo barabara, mheshimiwa Dokta, tumeikuta imelala vizuri, imenyooka, haina shimo wala askari, kila taa ikitupa rangi ya kijani kana kwamba ilipigiwa simu kwamba tunakuja, nasi tukasema mioyoni mwetu, anayeishi mwisho wa barabara kama hii hawezi kuwa mtu mbaya..."

"He says traffic was good," Fiacre alitafsiri.

Belyse akashusha pumzi. Wako barabarani bado. Kisha akamwona mama yake akikunjua karatasi ya hotuba mapajani, na humo ilikuwa imebaki mistari minne tu. Callixte alikuwa amefupisha. Alikuwa ameambiwa Wazungu wana haraka.

"Belyse, ikala hapa," alisema Mama Katungu kwa Kiswahili chake cha Kongo, akimwonyesha kiti, akitabasamu. "Na usikule ile keki. Mi niliikula tangu saa tisa, mpaka sasa haiyashuka."

"Usimseme mwenye nyumba," alisema Mama Candide, naye akitabasamu.

"Hasikii. Angalia na hii mapazia. Mi niko nayafua kila mwezi, myaka tatu sasa, lakini rangi kama ile hakuna sabuni inaweza kuiokoa."

"Ni rangi ya supu," alisema mtu kwenye kochi.

"Supu ya jana," alisema mwingine.

Wote wakamtabasamia Dokta Ostermann. Dokta Ostermann akawatabasamia wote, akaenda jikoni kuongeza chai.

Belyse akaruka mbele ya Callixte. "Baba mdogo, tuondoke. Sasa hivi."

"Mgeni haondoki na neno mdomoni, mwanangu. Ni matusi."

"Ukilisema hilo neno mimi nimekatwa. Kuna kanuni. Mtu wangu akimwendea jaji kabla hajaamua, wananifuta. Itaonekana mmekuja kumhonga."

Callixte alitazama fimbo yake kana kwamba ndiyo iliyomtukana.

"Kuhonga ni kuomba," alisema polepole. "Mimi sikuja kuomba. Nimekuja kushukuru."

"Unamshukuru kwa nini, na hajatoa kitu?"

"Ndiyo adabu yenyewe. Ukishukuru baada ya kupewa, hayo ni malipo. Ukishukuru kabla, hapo huna unachodai. Wewe umesoma, unashindwaje kuliona?"

"Waaustria hawalioni hivyo, baba mdogo."

"Basi hawakulelewa."

"Mimi niko nasema," Mama Katungu alidakia, "donc, basi, kama ni makosa ya mbuzi, turudishe mbuzi."

"Ameshaonja," alisema Fiacre. "Alikula ubavu wakati wa kusifu mvua."

Belyse alihisi machozi yanamjia, akayazuia, yakaja. Hakujificha. "Ninautaka huu mwaka," alisema. "Sijawahi kuwaomba kitu. Ninataka mwaka mmoja wa kukaa chumbani mwangu peke yangu nikaandika. Nawaomba msininyang'anye kwa kunipenda."

Mama Candide, ambaye kwenye ujumbe wowote huwa hasemi hadi aulizwe, alikunja ile karatasi mara nne akaisokomeza kwenye mkoba.

"Callixte," alisema. "Mtoto amelia. Shukuru kwa barua ya Katungu, tule, twende."

"Nimeitayarisha hotuba siku nne."

"Utaitumia siku nitakayokufa."

Msemaji kunyang'anywa neno mbele ya ujumbe wake, hilo si jambo dogo, na nampa heshima yake kwa jinsi alivyolibeba. Dokta alipotoka jikoni na birika, mzee alinyoosha mgongo, akamshukuru kwa barua, akaisifu karatasi ya barua, akaisifu saini, akakaa.

"He says thanks for the letter," alisema Fiacre.

Makofi yakapigwa. Mama Katungu akaanza kukusanya sahani. Belyse alifuta uso kwa kiganja, akaanza kuhesabu dakika za kufika mlangoni. Imepita. Mungu wa Mama Katungu alikuwa mwema kweli.

Ndipo simu ya Dokta Ostermann ikalia.

"Samahani, hii lazima niipokee," alisema kwa Kiingereza. Akasogea hatua tatu tu, akaegemea kizingiti cha mlango wa jikoni, akaanza kuongea kwa Kijerumani, kwa sauti ya kawaida kabisa. Angenong'ona kwa nini? Sebule nzima ilikuwa ya wafanya usafi na waogesha wazee.

Msomaji, nakutafsiria mimi. Wale wengine hawakuambulia hata salamu.

"Ndiyo, Profesa, habari za asubuhi huko Vienna. Najua kura ni mbili kwa mbili na inasubiriwa yangu. Nimeshaamua."

Belyse akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake vya kazi havina kamba.

"Namba kumi na nne, sikatai, lugha yake inaruka. Nilicheka peke yangu kitandani hadi paka akakimbia. Na ndiyo maana simwamini."

Simu ikalalamika kidogo. Dokta akaikatiza.

"Hapana, nisikilize. Huyu ni mwanamume wa Berlin, naapa. Amekaa mkahawani akabuni wakimbizi wa Sydney wenye midomo kama wembe. Waogesha wazee wanaobishana juu ya adabu kama mawakili. Wafanya usafi wanaosengenya samani za watu huku wakitabasamu. Inachekesha, lakini watu hao hawapo. Nami nina ushahidi. Ninao tisa hapa nyumbani sasa hivi, wamekuja kumsindikiza mfanyakazi wangu. Watu wapole, wema mno. Wamekaa saa nzima sebuleni kwangu na hawajasema jambo lolote la maana, Mungu awabariki."

Akageuka akawatabasamia. Wakamtabasamia.

"Anasema nini?" Mama Katungu aliuliza kupitia meno. "Ni mambo ya ile mapazia?"

Belyse alizidi kuinamia viatu vyake.

"Basi andika kura yangu ni hapana," Dokta aliendelea. "Au ngoja. Nimeandika sababu kwenye karatasi, nataka ziingie kama zilivyo. Usikate, naileta." Akaiweka simu mezani kando ya mbuzi, ikiwa hewani, akaingia chumba cha ndani kutafuta karatasi yake.

Sasa tazama alipokuwa Belyse. Akinyamaza, Graz imekwenda, na sababu itaandikwa kwenye faili la serikali: watu hawa hawapo. Akisema, Graz imekwenda vilevile, kwa kanuni ya tisa. Alikuwa na kama dakika moja.

Alikasirika. Ile hasira ya kweli, inayoanzia magotini. Miaka mitatu Mama Katungu ameinama kwenye bafu la mama huyu. Saa nzima watu hawa wametema maneno ambayo Belyse alihitaji miaka minne kuyapatia Kijerumani chake, hapohapo, bila kulipwa, juu ya keki mbovu. Na mwenye nyumba alikuwa amesikia kelele tu za watu wema. Kukatwa kwa ajili ya mbuzi aliweza kukuvumilia. Mbuzi alikuwepo. Kukatwa kwa kuambiwa mama yake amebuniwa na mwanamume wa Berlin, hapana.

"Baba mdogo," alisema. "Neno lako. Litoe."

Callixte alimtazama kama mtu aliyeibiwa gari kisha akaletewa ufunguo. "Umesema nisiliseme."

"Nimebadili nia."

"Watakukata, umetuambia."

"Nimeshakatwa. Amesema kwenye simu kwamba hatupo. Kwamba watu kama ninyi mtu kawabuni tu, kwa sababu ninyi hapa mmekaa saa nzima hamna la kusema."

Niliwahi kumwona Callixte kwenye misiba mitatu na posa tisa, lakini wanaomfahamu zaidi yangu wanasema hawajawahi kumwona akisimama vile. Alivuta koti. Akagonga fimbo sakafuni mara moja.

"Sisi hatuna la kusema?" aliuliza. Hakuipandisha sauti.

"Fiacre, kaa," alisema Belyse. "Leo natafsiri mimi. Yote."

Dokta Ostermann alitoka na karatasi yake, akafika nusu ya njia kuelekea mezani, na hapo Callixte akaanza.

"Dokta, niliyoyasema kwanza yalikuwa ya juu juu. Tumekuja kwa ajili ya binti wa marehemu kaka yangu, huyu hapa, Belyse Ninahazwe. Ameandika kitabu kwa lugha ya nyumbani kwako."

Belyse akaligeuza kwa Kijerumani. Hakulipunguza, hakulipamba. Kijerumani chake kilitoka na mwendo wa Callixte, na kutua kwake, na kugonga kwa fimbo.

Dokta alisimama. Karatasi ikaanza kujikunja mkononi mwake.

"Sisi hatujakisoma," Callixte aliendelea. "Ila kwa jinsi anavyotutazama miaka hii, nadhani tumo. Hatukuja kukuomba umpe chochote. Ukimpa, sawa. Ukimnyima, utakuwa umekula mbuzi wetu, nasi hatutamdai. Tumekuja kukushukuru kwa jambo moja. Umemsikiliza huyu mtoto toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Sisi tunaye tangu azaliwe, na hajawahi kutuambia maneno mengi hivyo."

Hapo Belyse alikwama katikati ya sentensi. Alimtazama mama yake, na Mama Candide akamwitikia kwa kichwa kwamba amalizie. Akaimalizia.

"Mwambie na ya keki," alisema Mama Katungu.

"Mama Katungu."

"Si umesema yote? Ao ni yote ya wanaume tu?"

Belyse akatafsiri keki. Akatafsiri mapazia, na supu, na supu ya jana. Akatafsiri lile la kushukuru kabla na kulipa baada, na kwamba Waaustria hawakulelewa. Alitafsiri mpaka hakikubaki kitu.

Dokta Ostermann alikaa kwenye mkono wa kochi, karibu kumkalia Fiacre. Uso ulikuwa umemwiva kuanzia shingoni. Alitazama kitenge mabegani mwake. Alimtazama Mama Katungu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitatu.

"Namba kumi na nne," alisema kwa Kijerumani.

"Ndiyo," alijibu Belyse.

"Mapazia nilichaguliwa na marehemu mume wangu."

"Pole sana. Tungejua tusingesema."

"Mngesema," alisema Dokta. "Sura ya pili mnasema mpaka kwenye jeneza."

Hapo mezani, kando ya mbuzi, kitu kikakohoa.

Msomaji, wote walikuwa wameisahau ile simu. Profesa wa Vienna alikuwa hewani muda wote, na alikuwa amesikia kila neno la Kijerumani lililosemwa katika sebule ile.

"Frau Ostermann," simu iliita. "Huyo aliyekuwa anaongea hapo ni nani?"

Dokta aliinyanyua simu, akaifunika kwa kiganja. Alimwinamia Belyse.

"Nikimwambia ukweli, kanuni ya tisa inakufuta leo hii," alisema upesi. "Nikimwambia ni redio, kura yangu ninayo, na nitakupa, na hakuna atakayejua. Nimekaa kwenye jopo hili miaka kumi na sita sijawahi kudanganya. Niambie wewe. Nimwambie nini?"

"Anauliza nini?" Callixte alitaka kujua.

Belyse akawatafsiria, neno kwa neno. Watu tisa wa kitenge cha manjano wakamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe hakuna hata mmoja aliyekuwa na ushauri. Aliufikiria ule mlango wa Graz, akautaka kwa uchungu, zaidi ya alivyowahi kuutaka. Kisha akamtazama Mama Katungu aliyesimama na sahani chafu kumi mikononi, akisubiri kuambiwa kama yeye ni redio.

"Mwambie tupo," alisema Belyse.

Dokta Ostermann akaondoa kiganja kwenye simu, akavuta pumzi, akafungua mdomo.